Sura ya Tisa: Kioo cha Pili Kinalipa Wapi?

Duka lilikuwa na kiyoyozi, na juu ya meza palikuwa na taa nyekundu ya joto, kama ile wafugaji wanayowawashia vifaranga. Muuzaji aliiwasha, akasimamisha mbele yake kipande cha kioo cha kawaida. "Mzee, weka mkono hapa nyuma." Nikaweka. Sekunde chache tu kiganja kikaanza kuungua. Akakitoa kipande kile, akasimamisha kingine kinene, chenye vioo viwili. "Haya, weka tena." Nikaweka, sikusikia kitu. Akatabasamu, akanyamaza, taa ilikuwa imeshasema yote. Siku hiyohiyo nililipa malipo ya awali ya madirisha sita ya plastiki ngumu ya uPVC, ya kufungukia nje, kila moja vioo viwili, kwa ajili ya nyumba yangu ya Dar es Salaam.

Miezi minne baada ya kuhamia, chumba cha magharibi kilikuwa tanuri. Saa kumi jioni godoro lilikuwa la moto kama lililoanikwa juani. Nilipompigia simu muuzaji, alinishauri nifunge pazia. Pazia nilikuwa nalo hata kabla ya madirisha yake.

Siwezi kusema niliibiwa, au tuseme sikuibiwa sana, mbele nitakueleza. Madirisha yenyewe ni mazuri. Hayatetemeki upepo ukivuma, na fremu hazijashika kutu wala kupinda. Kosa kubwa lilikuwa langu: nilinunua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Dirisha la vioo viwili ni dawa nzuri ya baridi, na likitengenezwa vyema ni dawa ya kelele. Jua lina dawa yake nyingine.

Dirisha lililozaliwa kwenye baridi

Wazo la kuweka vioo viwili na kufungia hewa katikati yake si jipya. Thomas Stetson wa New York alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1865. PVC, plastiki ya fremu hizi, nayo ilionekana kwa mara ya kwanza kwenye maabara ya Mjerumani Eugen Baumann mwaka 1872, lakini ilikaa miongo mingi bila kazi. Ujerumani ndiko madirisha ya plastiki hii yalikoanzia, katika miaka ya 1950. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, na kupasha nyumba joto kukawa ghali, kaya za Ulaya zikawa na sababu nzito ya kung'oa madirisha ya mbao yaliyovuja.

Wenzetu wa huko hulipima dirisha kwa namba moja: ni wati ngapi za joto zinapenya katika kila mita moja ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Namba ikiwa ndogo, dirisha ni bora. Kioo kimoja kina takriban 5.7. Vioo viwili vya kawaida vina takriban 2.8. Vioo viwili vyenye utando wa metali usioonekana kwa macho, na gesi ya agoni katikati badala ya hewa, hushuka hadi karibu na 1.2. Nchini England, tangu Juni 2022, kipimo kilichowekwa kwa dirisha linalobadilishwa katika nyumba ya zamani, fremu na kioo kwa pamoja, ni 1.4.

Namba hizo ni za kweli, na muuzaji yeyote atakuonyesha. Ila katika maelezo hayo limo neno moja linalobeba mzigo wote: tofauti. London mwezi Januari ndani kuna nyuzi 20 na nje nyuzi 4; tofauti ni 16, usiku na mchana, kwa miezi. Dar es Salaam, kiyoyozi kikiwaka, ndani kuna 24 na nje 32. Tofauti ni 8, tena kwa saa zile tu kinapowaka. Na nyumba inayotegemea upepo, madirisha wazi tangu alfajiri, tofauti yake inakaribia sifuri. Hapo kioo cha pili kinatenganisha hewa na ndugu yake.

Hesabu ya chumba cha magharibi

Hesabu hii ningeifanya kabla ya kulipa ningeokoa fedha nyingi. Dirisha langu la magharibi lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 1.2, yaani mita 1.8 za mraba. Kiyoyozi kikiwaka, joto linalopenya kwenye kioo kimoja kutokana na tofauti ya nyuzi 8 ni 5.7 mara 1.8 mara 8: wati 82. Kwa vioo viwili vya kawaida ni wati 40. Kwa hiyo kioo cha pili kimeniokolea wati 42, pungufu ya joto la taa moja ya zamani ya wati 60.

Sasa lete jua. Saa kumi jioni limeshuka, linautazama ukuta wa magharibi uso kwa uso. Siku ya anga safi ukuta huo unaweza kupokea wati 600 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo dirisha langu linapigwa na zaidi ya wati 1,000. Kioo kimoja cheupe hupitisha takriban asilimia 85 ya joto la jua. Zinaingia wati 920. Vioo viwili vyeupe hupitisha takriban asilimia 75, zinaingia 810. Kioo cha pili kimezuia wati 110 na kuruhusu 810 zipite. Ni sawa na pasi ya umeme iliyosahauliwa ikiwaka chumbani alasiri nzima.

Sababu yake haihitaji shahada. Joto la hewa hupenya kioo polepole, na hewa iliyofungwa katikati hulichelewesha. Jua huingia likiwa mwanga, na kazi ya kioo cheupe ni kupitisha mwanga. Ukiweka viwili, umeweka milango miwili iliyo wazi.

Ndiyo maana jua hukamatiwa nje. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Upenu wa paa wa sentimita 90 hutupa kivuli cha mita moja na nusu ukutani. Mwezi Desemba jua limehamia kusini, liko juu zaidi, na upenu uleule hutupa kivuli cha mita tatu. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini zinalindwa na fundi wa paa kabla fundi wa madirisha hajafika. Balaa ni mashariki na magharibi, ambako jua huja likiwa chini na kupita chini ya upenu. Pale unahitaji kitu cha kusimama: mkungu au mwarobaini, baraza pana, ukuta wa matofali ya matundu, au pazia la mianzi linaloning'inia nje ya dirisha. La ndani hulipokea jua likiwa limeshaingia. Mwizi umemshika, lakini yumo sebuleni.

Mimi niliweka la mianzi, nikapanda mkungu. Pazia lilinigharimu sehemu ndogo sana ya bei ya dirisha moja, na wiki ileile godoro likaacha kuwa la moto. Kama uko ghorofani na huna pa kupanda mti, ipo aina ya kioo chenye utando wa kukataa jua, kinachopitisha asilimia 35 hadi 40 tu ya joto lake. Hicho ni kitu kingine na bei yake ni nyingine. Dirisha kuitwa "vioo viwili" hakulifanyi liwe na kioo hicho.

Kioo cha pili kinapolipa

Shangazi yangu anaishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai watu wa huko hulala na blanketi mbili na soksi. Chukua usiku ambao nje kuna nyuzi 6 na chumbani 16. Dirisha la ukubwa uleule, lenye kioo kimoja, linapoteza wati 103. La vioo viwili vya kawaida linapoteza 50. Lenye ule utando wa metali wa kuhifadhi joto, pamoja na agoni, linapoteza kama 22. Sasa kumbuka kwamba nyumba nyingi za huko hazina kipasha joto cha umeme. Chumba kinapashwa na miili ya waliomo, na mtu mzima aliyelala hutoa wati 70 hivi. Kioo cha pili basi ni kama kuongeza mtu mmoja chumbani. Nilipomweleza shangazi alicheka. "Basi mwanangu, huyo ndiye mgeni mzuri. Havuti blanketi wala hali ugali."

Kwa Njombe, Makete, Lushoto, Limuru na Eldoret, hesabu hiyo inaweza kukubali. Nasema inaweza, kwa sababu nyumba yenye bati juu na haina dari hupoteza joto kwa juu kabla dirisha halijaulizwa. Funga dari kwanza, kisha mlango usiokaa sawa, kisha ndipo uje kwenye kioo.

Na hapa pana onyo ambalo maisha yanalitegemea. Dirisha la uPVC la bawaba lina mipira ya kuziba pande zote nne, na likifungwa hewa haipiti. Madirisha yetu ya zamani yalivuja, na kuvuja huko kumewaokoa wengi walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba chenye madirisha haya, jiko la mkaa lisiingie kabisa, hata kwa dakika za kuota moto kabla ya kulala. Tena agiza fremu zenye kitundu cha hewa cha kufungua na kufunga sehemu ya juu, au acha matundu ukutani.

Mahali pa pili kioo cha pili kinapoweza kulipa ni kwenye kelele: baa ya jirani, jenereta, malori, vipaza sauti. Lakini hapa pia kuna mtego. Kioo kimoja cha milimita 4 na pakiti ya viwili vya milimita 4 vyenye nafasi ya milimita 12 hutofautiana kwa desibeli chache tu, wakati sikio huhitaji desibeli 10 hivi ili kusema kelele imepungua nusu. Vioo viwili vyenye unene sawa hutetemeka pamoja kama wacheza ngoma wa kundi moja. Kinachosaidia ni kuvitofautisha: kimoja milimita 6, kingine 4. Bora zaidi, kimoja kiwe cha kugandishwa, yaani vipande viwili vilivyoshikanishwa na karatasi ya plastiki kama kioo cha mbele cha gari. Na kabla ya yote, mipira izibe sawasawa, kwa kuwa sauti hupita popote hewa inapopita. Mtu anayetoka kwenye dirisha la slaidi linalovuja akaweka la bawaba husikia ukimya mkubwa, akausifia ule unene wa vioo. Sifa nyingi zilistahili kwenda kwenye mpira.

Ndani ya pakiti

Vioo viwili si vioo viwili vilivyopachikwa tu kwenye fremu. Ni pakiti iliyofungwa kiwandani. Pembezoni kuna mshipi mwembamba wa metali au plastiki unaotenganisha vioo, na ndani ya mshipi kuna punje za kunyonya unyevu, ndugu wa zile zinazowekwa kwenye boksi la viatu vipya. Juu yake hupakwa gundi ya tabaka mbili: ya kwanza huzuia mvuke, ya pili hushika vioo. Nafasi nzuri kati ya vioo ni milimita 12 hadi 16. Ikiwa 6 haitoshi. Ikizidi 20, hewa ya ndani huanza kuzunguka na faida haiongezeki.

Gundi ikifa, unyevu huingia, punje hushiba, na ukungu hutanda katikati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hakuna dawa ya kuusafisha. Habari njema ni kwamba fremu haiguswi. Unabadilisha pakiti peke yake. Kwa hiyo muulize muuzaji: dhamana ya pakiti ni miaka mingapi, na ni nani atakayekuletea nyingine? Dhamana ya fremu na dhamana ya pakiti ni vitu viwili.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nyanda za juu hawaambiwi. Pakiti hufungia ndani yake hewa ya mahali ilipotengenezwa. Iliyofungwa usawa wa bahari, iwe Dar es Salaam, Mombasa au kwenye mji wa bandari ng'ambo, ikipandishwa hadi Njombe inakutana na hewa ya nje ambayo kanieneo lake limepungua kwa karibu moja ya tano. Hewa ya ndani hutaka kutanuka, vioo huvimba kama pakiti ya krispi inayosafirishwa mlimani. Utaona miti inayoakisiwa humo imepinda. Pakiti ndogo zenye vioo vinene ndizo huumia zaidi, kwa sababu hazina nafasi ya kuvimba. Hupasuka au huchana gundi. Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, haijasalimika. Dawa ni kuagiza pakiti zinazofungwa mwinuko unaokaribiana na wa nyumba yako, au zenye kijibomba chembamba cha kusawazisha hewa. Zenye kijibomba kilichoachwa wazi, usilipie agoni. Itatoka kwa njia hiyohiyo.

Mtoto wa chumvi

Herufi ndogo u katika uPVC ina maana kwamba plastiki haikutiwa mafuta ya kulainisha. PVC iliyolainishwa ndiyo mpira wa maji na kitambaa cha meza. Isiyolainishwa ndiyo bomba gumu na fremu. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC, karibu asilimia 57, ni klorini inayotokana na chumvi ya kawaida. Labda ndiyo maana haiogopi bahari. Mtoto wa chumvi haliwi na chumvi. Kwa nyumba ya Kigamboni, Tanga au Nyali, ambako chuma huoza na alumini huota madoadoa, hiyo ni sifa inayostahili kulipiwa, hata kama utaweka kioo kimoja.

Lakini dirisha si fremu tupu. Bawaba, vitasa, komeo na skrubu ni metali, na pwani ndizo hufa kwanza. Dai zile zisizoshika kutu kweli, za daraja linaloitwa 316 kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari. Chukua sumaku ndogo mfukoni: ikinasa kwa nguvu kwenye bawaba uliyoambiwa ni ya 316, endelea kuuliza maswali.

Udhaifu wa uPVC ni joto. Hutanuka takriban mara tatu ya alumini. Fremu ya mita 1.5 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, huongezeka milimita 3 hivi. Na inapokaribia nyuzi 75 hadi 80 huanza kulegea. Nyeupe huakisi jua na kubaki mbali na hatari hiyo. Ya kahawia iliyokolea au nyeusi, kwenye ukuta wa magharibi usio na kivuli, inaweza kuikaribia. Ninajua nyeusi ndiyo fasheni ya sasa. Kama unaipenda, iweke upande wa kivuli.

Angalia mambo matatu kwenye kipande cha fremu kilichokatwa, nacho usikubali kununua bila kukiona. Kwanza, unene wa ukuta wa nje: viwango vya Ulaya hutambua daraja A la milimita 2.8 na daraja B la 2.5. Fremu ya milimita 2 ni nyepesi mkononi na nyepesi bei, na bawaba zake hung'oka mapema. Pili, ndani kuwe na chuma cha mabati cha unene wa milimita 1.5 au zaidi. Bila hicho fremu ndefu hupinda. Tatu, uliza kama plastiki ilichanganywa kwa ajili ya jua kali. Viwango hivyohivyo hutenga aina mbili, M kwa hali ya hewa ya wastani na S kwa ile kali, na nchi zetu zimo kwenye S. Bila dawa ya kutosha ya kuikinga na jua, fremu nyeupe hugeuka njano na kuwa kavu kama ganda.

Upepo, nondo na mbu

Dirisha la slaidi hufunguka nusu tu, hata ulisukume vipi. La bawaba hufunguka lote, na likifungwa hujibana kwenye mpira badala ya kuteleza juu yake. Kwa nyumba ya pwani hiyo ni faida ya kila siku. Tena ubawa, yaani ile sehemu inayofunguka, ukifunguliwa hushika upepo kama tanga. Upepo ukipita sambamba na ukuta, weka bawaba upande upepo unakoelekea, ili ubawa uukinge na kuuingiza ndani. Uliza wenyeji kusi na kaskazi hupitaje kwenye kiwanja chako kabla ya kuchora. Na kwa kuwa kusi likiamka hupiga mbawa ukutani, dai mkono wa kuzuia ubawa usifunguke kupita kiasi.

Kisha linakuja fumbo ambalo katalogi za Ulaya hazina jibu lake, kwa sababu wenzetu wengi hawana nondo wala mbu wa malaria. Ubawa unafungukia nje. Nondo ziko ndani. Wavu wa mbu uko kati ya nondo na wewe. Utakifikiaje kitasa? Nimeona nyumba mpya ambapo wavu ulikatwa tundu la mkono kwenye kila dirisha, na mbu wakalishukuru tundu. Suluhisho zipo, lakini huamuliwa kabla fremu hazijakatwa. Moja: ubawa ufungukie nje, nondo ndani zikiwa na nafasi mbele ya kitasa, na wavu uwe kwenye fremu yake yenye bawaba. Nyingine: ubawa ufungukie ndani, nondo ziwe nje, na wavu ukae kati ya ubawa na nondo bila kuguswa. Hii ya pili hula nafasi ya chumba na hugombana na pazia, lakini ni rahisi kusafisha ukiwa ghorofani.

Vyovyote utakavyochagua, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kutoka ndani, na ufunguo wake uning'inie mahali mtoto anapopajua. Kanuni za England hutaka dirisha la kukimbilia moto liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, upana na urefu visipungue sentimita 45, na uwazi uanze si zaidi ya mita 1.1 kutoka sakafuni. Kipimo hicho ni cha mwili wa binadamu, kwa hiyo kinafaa popote. Na kioo kinachoanza chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni kiwe cha usalama: cha kugandishwa, au kile kilichochomwa na kupozwa ghafla ambacho kikivunjika hupukutika punjepunje.

Siku ya fundi

Dirisha zuri huharibiwa kwa saa moja. Fundi apime upana wa tundu mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu mara tatu. Achukue kipimo kidogo, kisha apunguze milimita 10 ili kubaki nafasi ya 5 kila upande. Akikuambia atalibana dirisha ndani ya tundu na kulijaza zege, mkumbushe ile milimita 3 ya kutanuka. Nafasi hujazwa povu na kuzibwa kwa silikoni, vitu vinavyokubali kunyooka. Skrubu ya kwanza ikae sentimita 15 kutoka kona, na zinazofuata zisiachane zaidi ya sentimita 60 hivi.

Chini ya kioo huwekwa vipande vidogo vya plastiki. Kwenye ubawa wa bawaba, uzito wa pakiti unatakiwa ushuke kwenye kona ya chini yenye bawaba, na kipande kingine kikaze kona ya juu ya upande wa pili. Kioo hapo kinakuwa mhimili wa mshazari unaoshika ubawa usiiname. Vioo viwili vina uzito maradufu. Fundi akiruka hatua hii, baada ya mwaka ubawa utaanza kukwaruza fremu na utalaumiwa kwa kufunga vibaya.

Mwisho, chungulia kwenye uso wa nje wa fremu, chini. Kuna matundu madogo ya kutolea maji ya mvua. Mpiga plasta na mpaka rangi hupenda kuyaziba kwa nia njema. Mwaga kikombe cha maji kwenye mfereji wa fremu kabla hujamlipa mtu. Yakitoka nje, sawa. Yakibaki, masika yataingia sebuleni.

Nenda na kiberiti

Niliahidi kueleza kuhusu ule wizi mdogo. Ukisogeza mwali wa njiti karibu na pakiti ya vioo viwili gizani, utaona miali minne ikiakisiwa, mmoja kwa kila uso wa kioo. Kama kuna utando wa metali, mwali mmoja utakuwa na rangi tofauti na mingine. Nilifanya jaribio hilo nyumbani kwangu usiku mmoja umeme ulipokatika. Nilihesabu miali minne, yote ya rangi moja. Kipande cha dukani kilichozima joto la ile taa kilikuwa na utando. Vyangu havikuwa nao. Nilipochukua hati ya mauzo nikasoma: "Vioo viwili, mm 5, vyeupe." Waliniuzia kilichoandikwa. Sikununua kilichoonyeshwa.

Kwa hiyo yaandikwe yote: unene wa kila kioo, nafasi ya katikati, aina ya utando, mahali pakiti ilipofungwa, unene wa fremu na wa chuma chake, daraja la bawaba, na miaka ya dhamana ya kila kimoja. Kisichoandikwa hakimo.

Na uamuzi wenyewe ni huu. Nyumba ya pwani inayoishi madirisha wazi, weka fremu ya bawaba yenye kioo kimoja, na fedha ya kioo cha pili ipe upenu, baraza na mti wa magharibi. Chumba kinachokesha na kiyoyozi kando ya barabara kuu, weka vioo viwili visivyolingana unene, kimoja kikiwa cha kugandishwa, lakini kivuli kitangulie. Nyumba ya nyanda za juu yenye dari iliyofungwa, weka vioo viwili vyenye utando wa kuhifadhi joto, pakiti ikiwa imefungwa hukohuko juu, na jiko la mkaa libaki nje. Siku ya kupokea mzigo, kabla hujasaini, washa njiti, uhesabu miali.